Koti la Duka la Magodoro

Tuanze na koti, maana bila lile koti mambo yasingefika kule yalikofika.

Lilikuwa koti jeupe la mikono mirefu, linashuka hadi magotini, kama yale ya madaktari. Wazo lilikuwa la mwenye duka la magodoro, mtu wa maneno mengi na tumbo linalogombana na vifungo vya shati. Siku moja aliingia na fuko zima la makoti, akayamwaga juu ya godoro la maonyesho, akawaita wauzaji wake. "Kuanzia leo nyinyi si wauzaji tena," akasema. "Nyinyi ni washauri wa usingizi. Mteja akiona koti jeupe habishani bei. Anaitikia, anatoa pesa, anakwenda zake kulala." Wauzaji walicheka hadi wakashikana mabega. Mmoja tu ndiye hakucheka, dada wa kona ya magodoro ya wagonjwa wa mgongo. Huyu alikuwa na shahada ya saikolojia. Ilikuwa chini ya kitanda chake, kwenye mfuko wa plastiki isije ikalowa.

Nyumbani kwao walimwita Daktari, na hapo ndipo penyewe panapouma.

Jina alilipata kwa mama yake. Mama alikuwa fundi cherehani katika mji mdogo, mwendo wa nusu siku kwa basi, na kibanda chake kilikuwa na cherehani mbili: moja ya kawaida, na moja ya kudarizi, ile inayoandika majina na nembo za shule. Binti alipopata nafasi chuo kikuu, mama alitangaza kwa kila mteja aliyekuja kupunguza suruali kwamba mwanawe anakwenda kusomea udaktari wa akili. Binti akajaribu kumrekebisha. "Mama, si udaktari. Ni saikolojia." Mama akamtazama juu ya miwani. "Kwani akili ikiumwa inatibiwa na nani? Fundi bomba?" Wateja wakaangua kicheko, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwita kwa jina lake tena. Hata wauza mkaa walimwamkia, "Daktari, za masomo?" Na yeye, tusidanganyane, alipenda. Nani asingependa?

Ada ilitoka kwenye kiwanja. Marehemu baba aliacha kiwanja kimoja tu, pembeni mwa mji, na mama akakiuza. Mjomba, kaka mkubwa wa mama, alikuja juu kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. "Unauza ardhi ununue karatasi?" Mama akamjibu, "Nanunua mtoto kaka, si karatasi." Mjomba akavaa viatu, akaondoka bila kuaga, na tangu siku hiyo alikuwa akingoja. Hakusema anangoja nini, lakini kila mtu alijua.

Miaka minne ikaenda. Ada, kodi ya chumba, vitabu, kila kitu kilimega kile kiwanja kipande kwa kipande. Katika mwaka wa mwisho, mhadhiri mmoja aliyevaa sweta hata kwenye joto akawaambia, kwa upole kama anayempa mtu habari za msiba, kwamba shahada ya kwanza haimruhusu mtu kukaa na mgonjwa. Kuna shahada ya pili. Kisha kuna muda wa kufanya kazi chini ya mtu mwingine, na mara nyingi bila malipo. Ndipo unapata kibali. Daktari alikaa pale kwenye benchi, uso umemshuka. Kumbe mlango wenyewe uko ghorofani, na kiwanja cha baba kimenunua ngazi za chini tu. Wala si kwamba walifichwa. Yote yaliandikwa tangu mwanzo, ila nyumbani hapakuwa na mtu wa kuuliza swali hilo, na yeye mwenyewe hakutaka kuliuliza.

Akaanza kutafuta kazi. Jamani, kule kutafuta kazi! Kila ofisi aliyoingia walikuwa na mzaha uleule. "Ahaa, saikolojia! Haya, nisome basi. Nawaza nini?" Alitabasamu hadi mashavu yakauma. Angeweza kuwaambia wanachowaza: wanawaza atoke waende chakula cha mchana. Wenzake wa darasani walitawanyika. Mmoja alipata kazi ya rasilimali watu kwenye kampuni, na huyo ndiye kila mtu alimtaja kama ushahidi. Mwingine alifundisha watoto wa chekechea, mwingine alirudi kwenye duka la baba yake akauza saruji kwa furaha kabisa. Yeye akaangukia kwenye magodoro.

Na alikuwa hodari, hilo tumpe. Mtu akija kulalamika mgongo, yeye hakukimbilia kutaja bei. Aliuliza, "Unalala upande gani? Usiku unaamkaamka?" Basi mtu anakaa kwenye godoro, anafunguka. Wengine walilia pale pale, bei haijatajwa. Shahada ilikuwa inafanya kazi, nani atabisha? Ila mshahara ulikuwa wa muuza magodoro. Mara nyingi, akingoja wateja, alikokotoa kichwani: kwa mshahara huu, nikiacha kula na kulipa kodi, kiwanja cha baba kingerudi baada ya muda gani? Jibu lilikuja na mvi za bibi kizee. Akaacha kukokotoa.

Sasa lile koti. Siku ya kwanza ya kulivaa, mwenzake alimpiga picha mbele ya ukuta mweupe wa stoo, kwa utani tu. Naye akamtumia mama ile picha. Hakuandika neno. Huo ndio utetezi aliojipa baadaye, kwamba hakuandika neno hata moja. Basi simu ikaita hapo hapo, mama anapiga vigelegele hadi spika inakwaruza. "Mwanangu! Umevaa koti! Koti la kazi! Baba yako angeona!" Daktari akafungua mdomo aseme, mama, hili ni koti la dukani. Mama alikuwa analia. Unamkatizaje mtu analia kwa furaha? Akasema tu, "Ahsante, mama."

Kuanzia hapo akawa bingwa wa kusema kweli zisizo na kweli. Mama akipiga simu mchana: "Mama, nitakupigia, nina mtu hapa analalamika mgongo." Kweli tupu. "Kazi nyingi?" "Nyingi, mama, watu hawalali siku hizi." Kweli pia. Kila alipokata simu alihisi joto likimpanda shingoni hadi masikioni, akajishughulisha kukung'uta vumbi kwenye mito ambayo haikuwa na vumbi.

Mama, kama fundi, aliikagua ile picha kwa jicho la kazi. "Koti lenyewe wamekushonea vibaya," akasema. "Mabega yamekaa kama ya mtu mwingine." Baada ya muda kifurushi kikaja kwa basi. Ndani mlikuwa na koti jipya la kitambaa kizito, limepimwa mwilini mwake kwa kumbukumbu, kila mshono umenyooka. Na juu ya mfuko wa kifuani, kwa uzi wa buluu, mashine ya kudarizi ilikuwa imeandika DAKTARI. Mwenye duka alipoliona alipiga makofi. "Hili ndilo koti! Livae kila siku!" Daktari alikataa kwa siku chache. Akalivaa. Na wateja wa kona yake wakaacha kabisa kubishana bei.

Tufike kwenye kikao.

Mdogo wake wa mwisho, kijana aliyekuwa amemaliza sekondari, mtaani walimwita Barafu kwa sababu tangu utotoni alikuwa anafufua majokofu yaliyokufa. Jokofu likigoma, mnamwita Barafu, anakuja na bisibisi, na jioni mnakunywa maji ya baridi. Barafu alikuwa na nafasi mbili mkononi. Moja chuo cha ufundi wa majokofu, ada yake mama angeweza kuilipa kwa kudarizi nembo za sare za shule, bila kuuza kitu. Nyingine chuo kikuu, saikolojia. Na alitaka ya pili, kwa sababu ukutani kwenye kibanda cha mama, juu kabisa ya cherehani, ilitundikwa picha ya dada yake amevaa koti jeupe, ndani ya fremu yenye maua ya plastiki.

Daktari aliitwa nyumbani kutoa neno. Njiani ndani ya basi alipiga moyo konde. Leo nasema. Nasema yote. Nawaambia gharama na nawaambia malipo, wachague wakiwa macho. Aliirudia hotuba yake hadi abiria wa pembeni akamuuliza kama anasali.

Akafika, akawakuta wamekaa sebuleni: mama amevaa gauni la sherehe, Barafu amechomekea shati, na kwenye kiti cha pembeni, mikono juu ya mkongojo, mjomba. Yule yule mjomba wa kiwanja.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, Daktari." Alilitamka lile jina polepole, kama mtu anayegonga sarafu kuona kama ni bandia.

Mama akaeleza. Ada ya chuo kikuu ni kubwa, lakini yuko tayari kuuza cherehani ya kudarizi. Mnunuzi yupo. Atabaki na ile ya kawaida, atapunguza suruali, maisha yataenda. "Ila nimesema tusifanye kitu kabla dada yake hajasema. Yeye ndiye aliyepita njia hiyo."

Barafu akamgeukia. Alikuwa na macho ya mtu anayeomba ruhusa. "Dada, niambie kweli. Inalipa?"

Hotuba yote ilikuwa tayari kooni. Lakini mjomba akaegemea mbele, akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyengoja miaka. "Ndiyo. Tuambie mwanangu. Kile kiwanja kimezaa?"

Na mama akamtazama binti yake. Hakumwomba kitu. Alimtazama tu kwa imani yote aliyokuwa nayo, kidevu kimeinuliwa mbele ya kaka yake. Daktari aliona kwamba akisema kweli sasa hivi, anayevuliwa nguo mbele ya mjomba si yeye peke yake, ni mama. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Lakini sisi tunaosimulia hatulipwi kumtetea: alijionea haya yeye mwenyewe pia, tena zaidi.

"Inalipa," akasema. "Ukivumilia."

Mama akapiga kigelegele kilichowatoa majirani nje. Mjomba akaegemea nyuma, akawa mdogo ghafla, akaomba maji. Barafu akamkumbatia dada yake akamnyanyua kutoka chini, na yeye huko juu, miguu inaning'inia, alitamani ardhi ipasuke. Usiku huo walimpa kitanda cha mama, kwa heshima. Hakufumba macho. Muuza usingizi mzima!

Akarudi kazini. Kila siku alisema kesho nitapiga simu. Kesho ikija, mama anapiga mwenyewe akiwa na furaha nyingi, naye ulimi unakuwa mzito. Ungemsikia, ungetaka kumzaba kibao. Ni simu moja tu! Maneno machache! Lakini aibu haikai mahali pamoja. Kila ukichelewa inakua, hadi inakuwa kubwa kuliko kosa lenyewe.

Basi ikafika siku hiyo. Dukani palikuwa na watu wa wastani. Daktari alikuwa kwenye kona yake, amepiga goti, anambonyezea mzee mmoja godoro aone lisivyobonyea, na nyuma yake akasikia sauti ikimuuliza mwenye duka, "Samahani baba, nataka godoro la mwanafunzi. La bei nafuu, lakini lisiishe kabla hajamaliza chuo."

Sauti ya mama utaitambua hata ukizibwa masikio.

"Umefika, mama!" mwenye duka akasema. "Hapa tuna mshauri wetu bora kabisa. Daktari! Njoo umhudumie mama."

Hakuwa na pa kwenda. Mbele ni mzee wa mgongo na ukuta, nyuma ni mama. Akasimama, akageuka.

Mama aliliona koti kwanza. Macho yake yalikwenda kwenye mabega, kwenye kola, kwenye mshono wa ubavuni, yakatua juu ya mfuko, kwenye uzi wa buluu. Fundi anajua kazi yake. Ndipo akapanda usoni. Kisha akatazama duka lote taratibu: magodoro yaliyosimamishwa, vibandiko vya bei, vijana wawili kule mbele nao wamevaa makoti meupe, mmoja wao anabeba mto kichwani.

Alielewa yote. Hakukuwa na haja ya kumweleza.

"Dada," mama akasema, kwa sauti ya mteja kabisa, "hili la mwanafunzi bei gani?"

Daktari angependelea kofi. Mama alikuwa anamsitiri mbele ya bosi wake, anajifanya hamjui, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Mwenye duka akasogea pembeni kumshughulikia yule mzee. Mama akakaa ukingoni mwa godoro, akaweka mkoba mapajani, akaushika kwa mikono yote miwili.

"Mama..."

"Ngoja kwanza." Akamwangalia mwenye duka kama amefika mbali. "Kwenye kile kikao nilikuuliza. Mdogo wako alikuuliza. Hukunijibu kweli. Sasa nijibu. Na yeye nimshonee koti?"

Daktari akashindwa kumtazama. Alitazama viatu vya mama, viatu vya safari, vimepakwa rangi upya. "Usimshonee, mama," akasema. "Shahada peke yake haitoshi. Inataka nyingine juu yake, na pesa nyingine, na miaka mingine. Ukikosa hizo unarudi hapa, na mshahara wa hapa unauona. Nilipaswa kukwambia. Nimeona aibu. Usiuze ile mashine, nakuomba."

"Wameibeba juzi," mama akasema. "Mnunuzi alikuja na mkokoteni." Akapapasa mkoba. "Pesa ni hizi. Tulikuwa tunakwenda kulipa ada kesho, nikasema kwanza tununue godoro, halafu tukushtukize huko hospitali. Tungeulizia."

Daktari alianza kulia, mwenye duka akatupa jicho, akadhani ni mteja mwingine amefunguka, akaendelea na mzee wake.

"Usilie hapa," mama akasema. "Unadhani umeona aibu peke yako? Mimi ndiye niliyewatangazia mtaa mzima. Ulitaka kunirekebisha, nikakufanya uchekwe na watu." Akavuta pumzi. "Vua koti."

Akavua. Mama akalilaza mapajani, akatoa kwenye mkoba kipande cha wembe kilichofungwa karatasini, kile anachotembea nacho kila mahali, akaanza kufumua. Alifumua pale pale, juu ya godoro la maonyesho, uzi kwa uzi, herufi kwa herufi, vidole havina haraka. Mteja mmoja aliuliza kama na hiyo ni huduma ya duka. Nyuzi za buluu zilirundikana kwenye sketi ya mama, akaziokota zote akazitia mkobani, maana hakuwahi kutupa uzi maishani mwake.

Alipomaliza alilikung'uta, akalinyoosha kwa kiganja. "Kitambaa ni kizuri. Livae ufanye kazi. Kazi si aibu." Kisha akaongeza, na hapo ndipo sauti ilipomkatika, "Chuo cha ufundi bado wanapokea hadi mwisho wa wiki. Mdogo wako yuko nje, analinda mizigo. Nenda ukamwambie. Mimi mdomo huo sina."

Daktari akavaa koti, akapita katikati ya magodoro, akasukuma mlango.

Barafu alikuwa amekaa juu ya begi kando ya barabara, amevaa shati lile lile la kikao. Alipomwona akaruka, meno yote nje. "Dada! Umejuaje kama tumefika? Mama ndiye aliyekuita? Umetoka hospitali sasa hivi?"

"Hapana," akasema. "Nimetoka humu. Nafanya kazi humu ndani. Nauza magodoro."

Barafu akacheka, akingoja mwisho wa utani. Haukuja. Akatazama kibao cha duka juu ya mlango. Akatazama koti, na juu ya mfuko akaona matundu madogo ya sindano, yamejipanga bado, mtu angeweza kuyasoma. Daktari alijiandaa kwa swali lolote: mbona ulinidanganya, sasa mimi nitasoma nini, watu watasemaje.

"Na mashine ya mama?" Barafu akauliza.